Sura ya Saba ya Meneja

Meneja hakuingia chuo cha ufundi kwa mlango wa mbele hata siku moja. Tukifika mahali, iwe Turbo au Moiben, mwenyeji akiwa amesimama kwenye ngazi na tai yake ya wageni, yeye alizunguka nyuma akatazama choo, halafu stoo ya vifaa, halafu jikoni, na mwisho kabisa ndipo akaja ofisini kusalimia watu. Kufikia hapo aliyeandaa hotuba alikuwa ameshaisahau. Mara ya kwanza nilimlaumu kwamba anaaibisha wenyeji. "Ofisi inaweza kukudanganya, Mama Sheila," akaniambia. "Choo haiwezi."

Tulimwita Meneja ingawa hakuwa akisimamia chochote tena. Aliwahi kuongoza chuo kimoja nje ya Eldoret, akaondolewa, akaletwa kwenye ofisi yetu mjini aandike kitabu cha kuwafundisha mameneja wenzake kazi. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, nimetoka Vihiga kutafuta riziki kama wengi tuliojaa mji huu, na nilikabidhiwa maandishi yake kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuyasoma. Alizaliwa wapi na watu wake ni nani, hayo waulizwe walio wa kwao. Mimi nilimkuta tayari ana mvi, miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na penseli ya useremala nyuma ya sikio.

Niseme kitabu kilikuwa cha nini, maana watu hudhani vyuo vya ufundi vinajiendesha. Kwetu meneja wa chuo hutolewa miongoni mwa walimu wa ufundi. Mtu ni hodari wa kuchomelea vyuma, Ijumaa anaitwa, anapewa funguo na muhuri, Jumatatu ni meneja. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kupanga ratiba msimu wa kuvuna mahindi, wakati nusu ya wanafunzi wako shambani, wala afanye nini mwalimu wa umeme akihama katikati ya muhula, wala jinsi ya kusajili wanafunzi kwa mtihani wa taifa. Anajifunza kwa kukosea, na makosa yake yanawaangukia watoto wa watu. Meneja aliamini kwamba yote hayo yanaweza kuandikwa, hatua kwa hatua, na mtu akayafuata. Sikumwona akipigania imani nyingine yoyote. Hata kanisani alikaa karibu na mlango.

Aliandika kwa Kiswahili kwanza, kwenye daftari kubwa la kaunta, kisha mimi na yeye tukageuza kuwa Kiingereza cha serikali. "Kwa Kiingereza mtu anaweza kudanganya page tatu na asijue," alikuwa akisema. Kila hatua ilipaswa kuanza na kitendo: fungua, hesabu, andika, mwite. Neno "kuimarisha" lilimkera kupita kiasi. "Hebu simama uimarishe," aliniambia siku moja. "Imarisha hapo nikuone." Nikabaki nimesimama katikati ya ofisi, mikono inaning'inia, wenzangu wakicheka, na neno likafutwa.

Ukurasa ukiisha kupigwa chapa, aliupeleka kwa askari wa geti, mzee mwenzake ambaye hakufika sekondari. Alimsomea polepole, kisha akamwambia afanye alichosikia. Ukurasa wa kukagua stoo waliufanya kweli, wawili hao, kwa jirani yetu fundi wa fanicha. Walihesabu nyundo na misumeno yake mpaka yule fundi akadhani wametumwa na madalali. Askari akikwama mahali, Meneja alirudi mezani akaandika upya. Kuna sura moja iliyorudi kwangu mara tano, na kila iliporudi nilisonya kimoyomoyo nikiwasha kompyuta.

Wala hakuandika sura bila kwanza kukaa chuoni siku nzima akitazama watu wakifanya kazi. Moiben tulikuta cherehani mpya zimepangwa safi, kila moja imefunikwa plastiki na kufungwa kamba. Wasichana wa ushonaji walikuwa wamekaa mbele ya cherehani hizo wakikata magazeti kwa makasi. Meneja wa pale akaeleza kwamba anazitunza zisiharibike kabla wakaguzi hawajaziona. Huyu wetu alikata kamba kwa meno, akatoa plastiki, akamwita msichana wa kwanza aketi. "Cherehani ikiharibika kwa kushona, hiyo ni kazi," akamwambia mwenyeji. "Ikiharibika kwa kufunikwa, hiyo ni dhambi." Tuliporudi muhula uliofuata, plastiki zilikuwa zimerudi. Meneja alizitazama kutoka dirishani, akaenda kuona choo.

Mtu asidhani namsifu tu. Alikuwa mzito. Alihubiri utunzaji wa kumbukumbu na alipoteza kitambulisho chake mara mbili juu ya meza yake mwenyewe. Aliandika kurasa sita kuhusu kuwaachia wengine kazi, lakini ufunguo wa kabati la karatasi uliishi mfukoni mwake, na akiugua mafua sote tulikosa karatasi. Chai yake haikuwa na sukari, daktari alimkataza, ila aliikoroga kwa kijiko dakika nzima mpaka nikatamani kumnyang'anya kile kijiko. Mameneja aliwakaripia bila huruma. Lakini akimwona mwanafunzi mwenye buti zilizotoboka, alimshika mkono na kumuuliza ameamkaje.

Kioja kikubwa kilikuwa kungoja. Huyu aliyeandika "usingoje" kuliko neno lolote lingine hakuweza kuanza warsha mpaka wa mwisho afike. Mvua ya Julai inanyesha, watu wametoka Ainabkoi na baridi yao tangu alfajiri, chai imepoa, naye amesimama mlangoni akitazama barabara. "Bado mmoja," anasema. Wenzangu walimtania kwamba siku ya kiyama atamwomba malaika asipige tarumbeta kwanza. Alicheka nao. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga chapa Sura ya Saba.

Ndiyo ile iliyorudi mara tano. Ilikuwa ya usajili wa mtihani, kurasa kumi na moja kuhusu fomu moja. Nilimwambia hakuna binadamu atakayesoma kurasa kumi na moja za fomu moja. Alikoroga chai yake, akanisimulia, mara hiyo moja tu.

Alipokuwa na chuo chake, darasa la kumaliza lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa na karatasi zote. Wa kumi na tisa, msichana wa ushonaji, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mamake alikuwa amekufa, na chifu aliyepaswa kumwandikia barua alikuwa amelazwa hospitali. Wakati ule fomu zilipelekwa kwa mkono, ndani ya bahasha. Meneja angeweza kupeleka za wale kumi na wanane. Badala yake alisimama paredi asubuhi akawaambia, tunaingia wote au hatuingii. Wakapiga makofi. Akaizuia bahasha siku moja, na nyingine, na wiki. Cheti kilipatikana Alhamisi. Usajili ulikuwa umefungwa Jumatano.

Walikosa mtihani wote. Wachache walirudi mwaka uliofuata, wengi hawakurudi. Yeye alitolewa kwa barua ya mistari minne na kuletwa kwetu.

"Walipiga makofi, Mama Sheila," aliniambia. "Na mimi nilipenda yale makofi. Hiyo ndio ilinimaliza."

Mara hiyo ya tano niliipiga chapa bila kusonya. Juu kabisa aliweka methali, ngojangoja huumiza matumbo. Chini yake zikafuata hatua. Hesabu waliokamilika leo. Wasajili hao leo. Usingoje. Kisha yakaja ya yule aliyebaki: aende ofisi gani, nani aende naye, abebe barua gani, chifu akikosekana amwone nani, na ikishindikana kabisa atunziwe nafasi vipi mwaka unaofuata. Askari wa geti aliifuata mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na Meneja akampa mkono.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Wetu walikuja watatu kutoka Nairobi, kwa sababu wafadhili waliokubali kuchapisha kitabu walitaka kipitiwe na wataalamu. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliniletea kalamu nzuri ambayo ninayo hadi leo. Walikaa nasi siku nne. Sura ya choo na stoo ikaondoka. Ya msimu wa mahindi ikawa aya. Ikaongezwa sura ya uongozi wa kimkakati, ndefu kuliko zote, na ndani yake kila kitu kiliimarishwa. Sura ya Saba ikabaki sentensi moja: meneja ahakikishe usajili wa wanafunzi umefanyika kwa wakati.

"Ahakikishe vipi?" Meneja akauliza mkutanoni.

"Hizo ni details za operations, Mzee," akajibu mkubwa wao, kwa heshima kabisa. "Hii document ni ya policy. Tukiweka kila kitu itakuwa bulky."

"Huyo meneja wa Moiben, Jumatatu asubuhi, atashika policy afanye nayo nini?"

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu, wakaendelea na ajenda. Mkubwa akanigeukia, maana kompyuta ilikuwa mbele yangu. "Madam, unaweza delete kutoka hapo mpaka hapo." Nikafuta. Sikumtazama Meneja. Wataalamu walisema, lakini vidole vilikuwa vyangu, na nikikumbuka hivi sasa bado naona aibu.

Kitabu kilizinduliwa hotelini kwa kuku na hotuba. Kilikuwa na jalada la kung'aa lenye picha ya msichana aliyevaa kofia ya ujenzi. Meneja alitajwa miongoni mwa wadau. Alikula, akakaa mpaka wa mwisho mezani kwake amalize kula, akaondoka.

Nilichoweza ni kuihifadhi ile sura kwenye flashi. Nilimtolea nakala, akazishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, akawa anawapa mameneja mkononi, mlangoni, warsha ikiisha. "Soma hii kabla ya ile ingine," anawaambia. Alifanya hivyo miaka yote iliyobaki kabla ya kustaafu. Sijui kama ilisaidia. Sikusikia chuo kilichokosa usajili wakati huo, lakini jambo ambalo halikutokea haliandikiwi barua ofisini.

Siku ya kustaafu hakutoa hotuba. Alinikabidhi daftari la kaunta. "Kila meneja mpya," akasema. "Kabla usajili haijafunguliwa. Usiachie mtu." Nikasema sawa, Meneja.

Mwaka wa kwanza nilitimiza, na wa pili pia. Nilipiga picha kurasa zote nikawa nawatumia kwa WhatsApp, mmoja mmoja, siku anapopewa funguo. Mwaka huu wakahamisha mameneja wengi kwa mpigo. Nikaona niifanye kazi vizuri. Nifungue grupu moja, wote wawe ndani, niweke barua fupi ya kuwakaribisha, sura niitume siku moja wasome pamoja. Orodha ikawa na mapengo. Wawili walikuwa hawajaripoti, mmoja nambari yake haikupatikana. Nikasema ngoja wakamilike. Nilisema hivyo mimi, niliyeipiga chapa ile sura mara tano. Wiki zikapita, kazi nyingine zikaja, na orodha ikakaa chini ya kibodi yangu.

Kisha ikaja barua kutoka chuo kimoja upande wa Ainabkoi. Meneja wa pale alikuwa mpya, fundi wa magari, na jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha yangu, na nambari yake nilikuwa nayo. Aliomba usajili ufunguliwe tena, kwa sababu wanafunzi wake kumi na wanne hawajaingizwa. Alikuwa akimngoja mmoja ambaye karatasi zake hazijakamilika. Siku hizi hata bahasha hakuna. Kila mwanafunzi husajiliwa peke yake kwenye mtandao, na wale kumi na watatu angewamaliza kwa asubuhi moja. Hakujua. Alidhani darasa huingia pamoja. Kitabu cha kung'aa alikuwa nacho, na kilimwambia ahakikishe. Jibu nililipiga chapa mimi mwenyewe: ombi lenu halikukubaliwa.

Jumamosi nikaenda Langas kumwona. Nilikwenda kuomba msamaha, tusidanganyane. Nilimkuta sebuleni, miguu imevimba kwa ugonjwa wa sukari, ameiweka juu ya kigoda, penseli bado iko nyuma ya sikio ingawa sijui alikuwa akipima nini. Mkewe alileta chai, akakosa mahali pa kuweka birika la moto. Meneja akamnyooshea kitabu chetu kutoka chini ya kiti. Birika likakaa juu ya msichana wa kofia, na kwa alama zilizokuwepo niliona hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Tuliongea kwanza habari za mvua na za Sheila.

"Ainabkoi wamekosa usajili," nikasema.

Kijiko kikasimama. "Wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Meneja ni mpya?"

"Ni mpya."

"Ulimpelekea?"

Ningesema ndiyo, angeniamini, na yule fundi wa magari angeonekana mjinga. Nilifikiria hivyo kabisa. "Hapana," nikasema. "Nilikuwa nangoja orodha ikamilike, niwatumie wote pamoja."

Nilitaka anikaripie. Nilishawaona wanaume wazima wakitafuta leso mbele yake. Mimi alinitazama tu, akaanza tena kukoroga chai.

"Hata wewe," akasema. "Na hizo page ulizipiga chapa na mkono yako."

"Nisamehe, Meneja."

"Mimi nikusamehe kama nani? Mimi siko kwa hao kumi na nne."

Mkewe aliinuka akaenda jikoni. Nje mtu alikuwa akigonga mabati. Nilidhani mazungumzo yameisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Alikuwa anangoja nani?" akauliza.

"Msichana wa darasa la saluni. Jina sijui."

"Amewaambia wengine?"

"Awaambie nini?"

"Sababu. Amesema jina yake paredi?"

Sikumwelewa, akaona sikumwelewa. Aliweka kikombe chini taratibu, juu ya kitabu, kando ya birika.

"Mimi nilisema," akaniambia. "Ile Alhamisi asubuhi. Walikuwa na hasira, wanataka kujua, nikasimama mbele yao nikaeleza. Nikasema tulikuwa tunangoja fulani. Niliona kama nasema tu ukweli. Yeye alikuwa amesimama line ya pili. Saa nane cheti ikaletwa, kwenda kumwita, kitanda ni tupu. Hajawahi kuonekana tena. Hiyo cheti iko kwa drawer, hapo nyuma yako."

Sikugeuka kuitazama. Miaka yote hiyo nilidhani ninajua kisa cha Sura ya Saba, na nilikuwa najua nusu yake.

"Hiyo hukuiandika," nikasema.

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Hiyo ningesomea askari wa geti namna gani?" akasema. Kisha akanielekezea simu yangu kwa kidole. "Mpigie sasa. Mwambie asitaje huyo msichana kwa wenzake. Hiyo ndio hatua ilibaki."

Nikapiga hapo hapo, nikaweka sauti ya nje ili naye asikie. Meneja wa Ainabkoi alishika haraka, sauti imechoka, labda akidhani napiga kumwambia ombi limefikiriwa upya.

"Mwalimu, si hiyo," nikasema. "Ni yule msichana mlikuwa mnamngoja. Tafadhali usimtaje kwa wenzake. Usiseme ni yeye."

"Madam, hawa watoto walikuwa wanataka kuvunja ofisi," akajibu. "Ilibidi nieleze. Niliwaambia jana asubuhi, paredi."

"Na yeye yuko wapi?"

"Alitoka jana jioni, akabeba sanduku yake. Tunajaribu simu yake, ni mteja, haipatikani."

Meneja alinyoosha mkono nikampa simu. Nilijua sasa ndipo atakapomkaripia mtu. Aliisogeza mdomoni, akasafisha koo.

"Karatasi zake zikikuja," akamwambia, "weka. Usitupe."

Akanirudishia simu. Kisha akachukua kikombe akaanza kukoroga, na chai ilikuwa imeshaisha.